Mkaguzi Aliyejipitisha Mwenyewe

Kama hujawahi kumwona mwanamume wa kilo mia na ishirini, mwenye bucha tatu mjini, akinyamazishwa na mwanamke anayemfikia kifuani, basi hujawahi kufika kichinjio cha nyuma ya Mumbuni saa kumi na mbili asubuhi. Mwanamke mwenyewe anaitwa Kalunde. Ni mkaguzi wa nyama, miaka arobaini na tisa, buti nyeupe za mpira, koti jeupe lililofungwa mpaka shingoni, na kisu kifupi ambacho hampi mtu yeyote hata amshikie dakika moja. Wachinjaji wanamwita Daktari. Cheti chake ni cha ukaguzi tu na hajawahi kudai zaidi, lakini jina hilo alilipenda, na mimi nasema wazi kwamba alilipenda kupita kiasi.

Ng'ombe akishachunwa na kuning'inizwa, hakuna anayekata hata kipande cha kuonja mpaka Kalunde apite. Na akipita, haanzi na mnofu. Anaanza na tezi. Tezi ni vile vinundu vidogo kama maharagwe vilivyojificha shingoni, begani, kwapani na kwenye kinena, kwa ng'ombe na kwa mtu vilevile. Ndimo askari wa mwili wanamokutana na kupeana habari. Ugonjwa ukiingia, askari hujaa humo na tezi huvimba. Kalunde huipasua kila moja, akaichungulia, akaibonyeza kwa kidole gumba. Ikiwa ndogo na laini, nyama inapita, inagongwa muhuri wa buluu. Ikiwa imevimba, ina usaha au punje kama za mchanga, sehemu ile inakwenda shimoni. Zikivimba nyingi, mzoga mzima unakwenda shimoni, na mwenye mali alie atakavyo.

"Mtu atakudanganya," alikuwa akiwaambia wenye bucha waliojaribu kumlainisha. "Tezi haijui kudanganya. Toa hii nyama hapa kabla sijaita polisi."

Mwaka juzi alimkamata jamaa mmoja aliyejichongea muhuri wake kwa kipande cha kandambili, akawa anauza nyama ya ng'ombe waliojifia zizini. Alama ilifanana na ya serikali kiasi kwamba maaskari wa kaunti walikuwa wakipita mbele ya bucha ile wiki tatu, wanatupa jicho, wanaona buluu, wanaendelea na safari yao. Kalunde aliingia mara moja tu, akaikwangua alama kwa ukucha, akamgeukia yule bwana akamuuliza kama anataka waongee hapo au mbele ya hakimu. Watu walicheka wiki nzima.

Huyo ndiye Kalunde. Sasa sikia alichojifanyia mwenyewe.

Ilikuwa Jumapili ya Januari, anaoga haraka haraka awahi misa ya kwanza. Sabuni ikateleza juu ya titi la kushoto, upande wa nje, na vidole vikagonga kitu. Kigumu, kama punje ya njugu. Hakikuuma. Mwanamke mwingine angeshtuka, au angejidanganya ni maziwa ya zamani yaliyoganda, au angemwita dada yake aje ashike naye. Kalunde aliinua mkono wa kushoto, akaingiza vidole vitatu vya mkono wa kulia kwapani, akatafuta tezi vile anavyozitafuta kwa ng'ombe kila siku ya Mungu. Hakuna kilichovimba. Akapanda juu ya mfupa wa bega. Kimya. Akaja shingoni. Kimya. Akavuta pumzi, akajipangusa, akajiambia kwa sauti: "Umepita."

Umepita! Mtu na akili zake! Mimi nikilifikiria jambo hili damu inanichemka mpaka leo. Watu wengine huchelewa kwa sababu hawajui. Huyu alichelewa kwa sababu anajua sana. Kosa hilo lisingeweza kufanywa na mwalimu wala na mwuza nyanya. Lilihitaji mtu aliyepasua tezi miaka ishirini na mbili na hazijawahi kumwangusha.

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi alirudia ukaguzi wake, na kila mwezi alijipitisha. Ile njugu ikawa ndimu. Ngozi juu yake ikaanza kuvutwa ndani. Tezi bado kimya. Mumewe Wathome, ambaye hufanya kazi kwenye kiwanda cha saruji Athi River na kurudi nyumbani mwisho wa wiki, aliiona mwezi wa tano, akauliza kwa upole wake ule.

"Baba Mueni, wewe unajua saruji, mimi najua tezi," alijibiwa, na maneno yakaishia hapo.

Kilichomwamsha ni ng'ombe. Mwezi wa nane aliletwa ng'ombe wa maziwa kutoka Muthetheni, uso mweupe, jicho moja limeota nyama mbaya iliyofumuka kama koliflawa. Saratani ya jicho. Wanayo sana ng'ombe wa uso mweupe wakikaa juani. Kalunde akakata kichwa kando, akapasua tezi iliyo chini ya sikio. Ilikuwa ndogo, laini, safi kabisa kwa macho. Angeweza kuapa kanisani kwamba ile tezi haina kitu. Lakini sheria ya kazi inasema ukikuta uvimbe wa namna hiyo, kata kipande cha uvimbe na kipande cha tezi, uvipeleke maabara. Akapeleka, akasahau.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili, karatasi moja. Aliisoma amesimama mlangoni pa kichinjio, wino wa muhuri bado uko vidoleni. Jicho: saratani. Tezi ya chini ya sikio: saratani ndani yake. Akasoma tena. Kisha mkono wake wa kulia, bila yeye kuuambia, ukaingia chini ya koti mpaka kwapani ukakaa hapo. Musyoka, mchunaji wa siku nyingi, akamuuliza, "Daktari, uko sawa?" Kalunde akamkabidhi kisu chake. Musyoka anasema siku hiyo ndiyo alijua kuna jambo, maana kile kisu hakuwa amewahi kukigusa.

Daktari wa hospitali alikuwa binti mdogo, Syombua, ambaye Kalunde angeweza kumzaa. Alimwingizia sindano kwenye titi, kisha akaangalia kwapa kwa mashine, akaingiza sindano nyingine kwenye tezi mbili ambazo kwa vidole zisingepatikana hata ungetafuta mchana kutwa. Siku ya majibu, Kalunde aliketi mbele yake mgongo umenyooka kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi.

"Mwaitu, ni saratani," Syombua alisema. Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na alilisema kwa heshima. "Iko kwa titi, na imeshaingia kwa hizo tezi mbili."

"Mbona hazikuvimba?"

Alisema hivyo kama mtu aliyetukanwa. Hakuuliza kama atakufa. Aliuliza mbona tezi hazikuvimba.

Syombua akaweka kalamu chini. "Unafanya kazi gani?"

"Mimi ni mkaguzi wa nyama."

"Ehe! Basi sisi tutaelewana haraka." Akavuta kiti karibu. "Mwili wako unajijenga upya kila siku. Seli inajigawa, inanakili maandishi yake yote, na mara nyingine inanakili vibaya. Nyingi za hizo hufa zenyewe. Zingine askari wako wakizipitia wanaona hizi zimekuwa ngeni, wanazimaliza. Imetokea kwako mara nyingi na hukujua. Sasa kuna moja ilikosea, ikazaa watoto wakakosea zaidi, na askari wakawa wanaua wale wanaoonekana. Unajua waliobaki ni akina nani?"

"Wale hawaonekani."

"Hao hao. Na hiyo ni kazi ya miaka, si ya Januari. Askari wenyewe wanachuja na kuchuja, mpaka wanabaki wajanja watupu. Halafu hao wajanja wanajifunza kitu kingine. Mwili uko na alama ya kumwambia askari, tulia, huyu ni wa nyumbani. Iliwekwa ili askari wasikule wewe mwenyewe. Saratani inaivaa hiyo alama. Askari anafika mpaka mlangoni, anamgusa mwizi kabisa, anaona alama, anaenda kulala."

Kalunde akasema polepole, "Muhuri wa kandambili."

"Wa nini?"

Akamweleza kisa cha yule mwenye bucha na wale maaskari wa kaunti. Syombua akacheka mpaka akafunika mdomo, kisha akakumbuka anaongea na nani na juu ya nini, akaacha. "Hiyo nitakuwa naambia wagonjwa wengine. Ndiyo, mwaitu. Ni hivyo. Kuna dawa mpya za kung'oa huo muhuri ili askari waamke, lakini hapa kwetu bado kuzipata ni kazi. Sisi tutaanza na kemo. Na hizo tezi zako, saratani ndani yake ilikuwa kidogo, kidole hakiwezi kusikia. Tezi kunyamaza si kusema ni safi. Hata ikivimba pia si lazima iwe saratani. Jino likioza tu, inavimba."

Alilia. Sitaki kumfanya chuma. Alijifungia kwenye choo cha hospitali, akafungua bomba ili asisikike, akalia dakika kumi kwa hofu na kwa aibu, zaidi kwa aibu. Miaka ishirini na mbili amewaambia watu tezi haijui kudanganya. Miezi minane yake mwenyewe ameitupa. Alipotoka amenawa uso, hofu ilikuwa bado ipo, lakini hasira ilikuwa imeipita. Mtu amevaa sare ya wenyeji, ameingia ndani ya nyumba yake, anakula na kunywa, na wale wa kumkamata wanampigia saluti! Wewe ungekubali? Kalunde alikuwa hakubali hata kwa ng'ombe wa mtu mwingine.

Kemo ilipangwa mara sita, kila baada ya wiki tatu, kisha upasuaji, kisha mionzi. Syombua alimwambia ukweli wote mapema. Dawa ile hupiga kila kinachojigawa kwa kasi. Itapiga saratani, itapiga nywele, itapiga ngozi ya ndani ya mdomo, na itapiga askari pia, zile chembe nyeupe za damu. Kwa hiyo kila mara watapima damu kwanza. Askari wakiwa chini ya kiwango, hapewi dawa, anangoja. Na kichinjioni asikanyage, kwa sababu askari wakiwa wachache, vijidudu vya pale vitamla.

Hilo la kichinjio ndilo lililomuuma kuliko sindano. Nywele zilipoanza kudondoka alijinyoa mwenyewe kwa wembe mbele ya kioo, akatoka nje kipara kitupu kwenda kununua sukuma wiki, na aliyemkodolea macho akakodolewa yeye zaidi. Lakini kukaa nyumbani asubuhi hakukuweza. Akawa anampigia simu Musyoka ampelekee picha za tezi ambazo mkaguzi wa muda kutoka Mavoko amezipasua. "Hiyo amekata juu juu! Mwambie akate katikati! Yeye anapaka siagi kwa mkate?" Yule mkaguzi wa muda alikonda.

Kemo ya kwanza ilipita, ya pili ikapita kwa kutapika. Ya tatu ikagoma. Kiwango cha askari kilichotakiwa kilikuwa moja nukta tano; damu yake ilisoma nukta nane, haikufika hata moja. Syombua akasema, nenda nyumbani, kula vizuri, kaa mbali na watu wenye homa, rudi Jumanne ijayo. Mambo ya kawaida, akasema, hutokea kwa wengi. Wathome alilisikia hilo, lakini kilichomwingia kichwani ni nukta nane. Akampigia simu kaka yake mkubwa.

Na hapo ndipo Bartholomew anapoingia. Bartholomew ni mkulima wa Muthetheni, mzee wa kanisa, mtu wa sauti nzito na kofia isiyotoka kichwani. Tangu mwaka uliopita alikuwa pia akisambaza kinywaji fulani cha kijani cha kuongeza kinga ya mwili, chupa ina picha ya simba. Usifikiri alikuwa tapeli. Alikuwa akikinywa mwenyewe kila asubuhi na kukiamini kwa moyo wote, na hiyo ndiyo ilimfanya awe mgumu zaidi.

Alifika Mumbuni Jumamosi mchana na wazee wawili wa kanisa, chupa sita ndani ya kikapu. Kalunde aliwapikia hata hivyo, muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Mgeni ni mgeni. Wakala, wakaomba, wakapangusa midomo. Wathome alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, macho sakafuni, na Kalunde akajua kwamba mambo yamekwisha kupangwa bila yeye.

"Mama Mueni," Bartholomew akaanza, "hatukuja kwa vita. Tumekuja kwa sababu tunakupenda. Hiyo dawa ya hospitali imemaliza askari wako. Si mimi nasema, ni karatasi yao wenyewe. Mwili hauna kinga. Sasa mtu yuko chini, unamwongezea sumu? Sisi tumeamua, Jumanne hutaenda. Utapumzika miezi mitatu, utumie hii ya kuongeza kinga, askari warudi. Wakirudi, watapigana wenyewe, vile Mungu aliwaumba."

"Mmeamua nani na nani?"

"Sisi familia."

Kalunde akageuza kichwa. "Baba Mueni. Hata wewe?"

Wathome hakuinua macho. "Mimi naogopa, Kalunde. Wiki jana nimekushika miguu ilikuwa baridi. Nikaambiwa nukta nane. Mimi ni mtu wa kuogopa, unanijua. Naogopa watakuua wakikutibu."

Maneno yale yalimchoma. Angeweza kustahimili Bartholomew kumi, lakini si huyu mmoja na macho yake sakafuni. Alisimama. Akashika meza, akaendelea kusimama.

"Shemeji, umesema kweli. Askari wamekufa. Dawa imewaua, na mimi nilijua itawaua kabla sijachomwa ya kwanza. Lakini wao wako na kwao. Kwao ni ndani ya mifupa, kwenye uboho, wanazaliwa huko kila siku. Wiki tatu, wiki nne, wamerudi. Yule mwizi naye akipigwa anaanguka, lakini yeye pia ataamka. Ndiyo maana anapigwa tena kabla hajasimama. Sasa nyinyi mnataka nimpe miezi mitatu apumzike. Apumzike na nani? Na mimi?"

"Kinga ikiwa na nguvu..."

"Ngoja, shemeji, nimalize. Januari askari wangu walikuwa wachache? Nilikuwa nabeba robo ya ng'ombe begani! Sikuwa nimeshikwa hata na mafua. Walikuwa tele, wameshiba, na wakampita mwizi wakamwamkia. Shida si idadi. Wamedanganywa. Sasa hii chupa yako, hata kama inaongeza askari vile unasema, ukiniongezea elfu moja waliodanganywa, nitafanya nao nini? Nitawapikia muthokoi?"

Mmoja wa wazee akakohoa kuficha kicheko. Bartholomew hakucheka. Alivua kofia yake, jambo ambalo hakulifanya hata mezani, akaiweka gotini, na sauti yake ikashuka.

"Munyiva aliingia hospitali akitembea," alisema. "Mimi ndiye nilimpeleka. Alitoka kwa jeneza."

Munyiva alikuwa mke wake wa kwanza. Kalunde alimhurumia, kweli kabisa alimhurumia, kwa sababu sasa aliona kwamba mtu huyu hakuwa amekuja kuuza chupa. Alikuwa amekuja akiogopa kama ndugu yake. Lakini huruma ni kitu kimoja na Jumanne ni kitu kingine.

"Najua," alisema. "Mimi ndiye nilimwosha. Shemeji, Munyiva alikunywa majani miaka miwili kabla hujampeleka. Aliingia akitembea, ndiyo, lakini alikuwa amechelewa, na mimi nikiwa pale namwosha niliona vile amechelewa, na bado nikaenda kufanya ujinga wangu mwenyewe. Nimepoteza miezi minane kwa ujinga wangu. Sitapoteza hata wiki moja kwa ujinga wa mtu mwingine. Hata awe ananipenda. Mgonjwa ni mimi, na karatasi ya hospitali inatiwa sahihi na mimi. Jumanne naenda. Anayetaka kunisindikiza anisindikize. Anayetaka kunizuia, aje na wanaume zaidi, kwa maana nyinyi watatu hamtoshi."

Bartholomew akavaa kofia yake, akatoka. Chupa aliziacha mezani, ikabidi Kalunde atume mzee mmoja amkimbilie nazo mpaka barabarani. "Mwambie asikasirike," alisema, "lakini nimekatazwa kunywa kitu daktari hajui. Na kuku wangu hawana shida ya kinga."

Jumapili mchana, saa ambayo Wathome huwa anafunga begi arudi Athi River, hakufunga begi. Kalunde alimwona ameketi kwenye ngazi anamwambia msimamizi wake kwa simu kwamba hatafika mpaka Jumatano. Alitaka kumwambia jambo la kumchoma, alikuwa nalo tayari mdomoni, akalimeza. Ilikuwa mara ya kwanza kumeza neno tangu waoane.

Jumanne asubuhi walitoa damu, wakaambiwa wangoje kwenye benchi. Na hapa lazima niseme ukweli: maneno yake yote ya Jumamosi hayakuwa na nguvu yoyote juu ya ile chupa ndogo ya damu. Angeweza kuwashinda wazee wa kanisa wote wa Muthetheni, lakini kama namba imekataa, imekataa, na Bartholomew atakuwa amepata wiki nyingine ya kusema. Alijua hivyo. Wathome alikuwa anasoma bango la kunawa mikono kwa mara ya ishirini.

Syombua alikuja mwenyewe na karatasi, hakumtuma muuguzi. "Mbili nukta moja," akasema. "Wamerudi, mwaitu. Twende."

Wathome alisimama kabla ya mkewe, akamkunjia mkono wa sweta mpaka juu ya kiwiko, taratibu. "Twende," akasema naye.

Zilizobaki alizimaliza zote. Sitakuambia zilikuwa rahisi. Kucha zilipata weusi, vidole vikafa ganzi hata akawa hawezi kufunga kifungo, mdomo ukapasuka akawa anakunywa uji kwa mrija. Kuna siku alimtukana Syombua, kuna siku alimtukana Mungu, halafu akaenda kuungama na padri akacheka. Aprili wakamkata titi la kushoto pamoja na tezi za kwapa. Bartholomew hakufika hospitali. Alituma jogoo.

Wiki tano baada ya upasuaji, kidonda kimefunga, waliketi tena mbele ya ile meza, yeye na Wathome. Syombua alikuwa na ripoti ya maabara, kurasa tatu.

"Uvimbe wa titi, karibu wote umekufa," alisema. "Na kuna kitu hapa nataka usikie. Aliyepima ameandika kwamba askari wako wameingia mpaka katikati. Wamejaa. Seli za saratani zikivunjwa na dawa zinamwaga vitu vyake vya ndani, na askari wanagutuka wanaona, kumbe huyu si wa hapa. Walikuwa wameanza kumla."

Kalunde alifumba macho. Machozi yalimtoka na hakufungua bomba lolote. Wale wake, wale wapumbavu wake aliowalaani miezi yote ile, walikuwa wameamka.

"Na tezi?" akauliza.

Syombua akageuza ukurasa. "Tumetoa kumi na nne. Kumi na tatu ni safi, zimepasuliwa zote chini ya hadubini. Moja bado ina seli hai."

Wathome akamshika mkewe mkono. Nje kulikuwa na mtu anaita jina la mgonjwa mwingine.

"Kwa hivyo kunaweza kuwa na wengine," Kalunde alisema. "Mahali pengine."

"Inawezekana. Pia inawezekana hawako. Sina mashine ya kuona seli moja moja mwili mzima, hakuna mtu iko nayo. Tutapiga mionzi, utameza vidonge miezi sita, tutakuwa tunakuangalia. Siwezi kukuambia leo umepona, mwaitu. Ningependa sana, lakini nitakuwa nakudanganya."

Kalunde alimtazama yule binti kitambo, na akamheshimu. Kisha akaanza kufunga vifungo vya blauzi yake, kimoja kimoja, kwa vile vidole vya ganzi, upande wa kushoto umelala bapa, na Wathome alipotaka kumsaidia akamwondoa mkono.

"Sawa," alisema. "Kama bado wako, na mimi bado niko. Mionzi inaanza lini?"

"Nimeongea na watu wa Nairobi. Wamenipa Jumatatu."

"Jumatatu ni mbali," Kalunde akasema. "Hawana kesho?"